Mkono Uliokosa Nanga: Kisa cha Kinyozi wa Kibokoni

Ami yangu alirudi kutoka kwa kinyozi na kipande cha gazeti kimeganda shingoni. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, kanzu imetoka kupigwa pasi, na tone moja la damu lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye darizi ya shingo. Hakusema kitu. Alibadili kanzu akaenda zake msikitini. Lau angekuwa peke yake nisingelifikiria tena, lakini wiki tatu kabla yake nilikuwa nimemwona jirani yake ana alama ya aina ile ile, mahali pale pale: chini ya taya, ubavuni mwa koromeo. Wote wawili wamekuwa wakinyolewa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 30.

Mimi ni muuguzi. Akija mtu mmoja na kidonda, nitamsafisha kidonda. Wakija wawili wenye kidonda kimoja, nitawauliza wametoka wapi. Jumatatu yake nikapanda matatu kutoka Changamwe, nikashuka mjini, nikaenda kwa miguu mpaka Mji wa Kale wa Mombasa kunyolewa.

Duka liko Kibokoni, kwenye kichochoro ambacho pikipiki mbili zikikutana moja hurudi nyuma. Halina kibao. Lina mlango wa mbao wa pande mbili, baraza ya saruji nje, vioo viwili vinavyotazamana hata ukikaa katikati unajiona umepangwa foleni na nafsi zako mwenyewe, na kiti kimoja cha chuma kizito chenye mguu wa kuzunguka. Watalii wakishatoka Fort Jesus hupita wakakipiga picha hicho kiti. Mzee, kinyozi mwenyewe, huwaachia. Siku moja mmoja wao alitaka kukinunua, akaambiwa akinunue pamoja na aliyekikalia, na aliyekuwa amekikalia ni mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye ratili zisizopungua mia mbili.

Nilipokuwa mdogo, juu ya mikono ya kiti kile huwekwa ubao. Mtoto hupandishwa juu ya ubao ili kichwa chake kifike usawa wa kifua cha kinyozi. Ubao wenyewe ulikuwa umelainika kwa makalio ya watoto wa mtaa mzima, unang'aa kama mbao ya mvule iliyopigwa msasa. Safari hii niliukuta umegeuzwa rafu: umelazwa juu ya misumari miwili ukutani, umebeba redio, chupa ya spiriti, kopo la poda na vikombe vya kahawa. Niliuona nikapita. Ndio uliokuwa na jibu, na mimi niliyekuja kuchunguza nilikuwa nimeshughulika na shingo.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam. Wewe si mwana wa fundi cherehani? Ulikuwa ukilia hapa kama paka kamwagiwa maji."

Ameshapita sabini. Alianza kufagia duka hili mwaka 1963, akiwa na miaka 12, chini ya kinyozi aliyekuwako kabla yake. Mwili wake bado umesimama, macho bado makali, na ulimi, kama mlivyosikia, haujapata kuguswa na uzee. Akanifunga shuka shingoni, akachovya burashi, akanipaka povu. Kisha akavunja wembe mpya katikati ungali ndani ya karatasi yake, akatia nusu moja kwenye mpini.

Hapa nieleze kwa polepole, kwa sababu kisa chote kimo kwenye vidole. Wembe ulipogusa shavu langu nilihisi kitu kingine kimetangulia kutua: kidole chake kidogo, kimejibanza juu ya mfupa wa shavu. Wembe ukateremka, kidole kimekaa. Akahamia upande wa pili, kidole kikatangulia tena, kikatafuta mfupa, kikatulia. Nikafahamu. Mkono wake unatetema, naye ameufungia nanga. Kwa nanga ile mashavu yangu yalitoka laini kama ya bwana harusi, sikuhisi mkwaruzo hata mmoja.

Alipofika chini ya taya, kidole kidogo kilishuka kutafuta mfupa wa kukalia na hakikuupata. Nilimsikia akishusha pumzi na kuizuia.

"Shingo niachie, Mzee," nikasema. "Ina vipele."

Haikuwa na kipele hata kimoja, na yeye alikuwa ameikodolea kwa umbali wa shubiri. Alinitazama kiooni, akafuta wembe kwenye kitambaa, akasema, "Vipele. Haya."

Muuza kahawa akapita na dele lake, akigonganisha vikombe. Alinijazia mimi kikombe mpaka ukingoni. Cha Mzee alikitia nusu, bila kuambiwa, na Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Kumbe mtaa mzima unajua! Muuza kahawa anajua kiasi cha kumtilia, wateja wanajua kubandika gazeti na kunyamaza, ami yangu anajua kubadili kanzu. Asiyeambiwa ni mwenye mkono. Nasi Waswahili kwa hili hatuna mfano. Tutamsema mtu kwa mafumbo mwaka mzima juu ya deni la sukari, lakini jambo linalomhusu usoni tutalifunika kwa heshima mpaka limwage damu.

Nyumbani nilipouliza, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ami alisema Mzee ana mawazo, mwenye nyumba anamsumbua, ndiyo maana mkono haukai. Hili lilikuwa rahisi kulifuta. Mzee hana mkataba wa maandishi, na kinyume na wanavyodhani wengi, hilo linamkinga badala ya kumwacha uchi: sheria ya mwaka 1965 ya wapangaji wa maduka, ile ya sura ya 301, humhesabu mpangaji wa namna hiyo kuwa mpangaji anayelindwa. Mwenye nyumba hawezi kumpandishia kodi wala kumtoa kwa mdomo. Ni lazima atoe notisi kwa fomu yake maalumu, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji asiporidhika hupeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Mzee anayajua haya kuliko mimi, alishamnyoa wakili. Kodi anailipa, na mwenye nyumba mwenyewe huja kunyolewa.

Binamu yangu alisema ni ushindani, vijana wa Mwembe Tayari na mashine zao, wanaokusugua uso na kukukanda mabega. Hao nao siwaoni kuwa maadui. Anayetaka mtindo wa fedi hakuwa akija Kibokoni hata zamani. Wateja wa Mzee ni wanaume wa umri wa ami, wanaotaka ndevu zichongwe kwa wembe Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi, na hao hawajamkimbia. Hata kukatwa hakukuwakimbiza.

Basi nikarudi, mara hii bila kisingizio cha nywele. Nilikwenda adhuhuri duka likiwa tupu. Nilikuwa nimepanga maneno, nimezunguka nayo njia nzima, na yote yaliniponyoka mlangoni. Nikamwomba tu anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka. Akanitazama kitambo. Kisha akainyosha, na ikatetema yote miwili, wa kulia zaidi.

"Nikiilaza, hunyamaa," akasema. "Nikiiinua kufanya kazi, ndio yaanza. Babangu alikuwa hivi. Alimwaga chai mpaka akafa." Akairudisha mapajani, na kweli ikanyamaza. "Mwaka wa pili huu. Nami nikidhani nimewaficha."

"Hujatuficha, Mzee."

"Najua. Vipele!" Akacheka mpaka akakohoa.

Alichokisema juu ya kulaza na kuinua kilinipunguzia hofu. Mtetemo wa ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika. Huu wa Mzee ulikuja kwa kazi, na ulikuwa wa kurithi. Lakini mimi si daktari, na mtetemo unaweza kuletwa pia na tezi ya shingo, na dawa fulani, hata na kahawa. Nilimpeleka kwa daktari. Alichukuliwa damu, akaulizwa juu ya baba yake, akapewa kalamu achore mzunguko kama wa gamba la konokono. Ule mzunguko ulitoka una mawimbi kama bahari ya kusi. Daktari akasema ni mtetemo wa kawaida wa ukoo, hauui, na kwa wengi huzidi na umri.

Dawa inayoandikwa mara nyingi kwa hali hii ni propranololi. Mzee ana pumu, na propranololi inaweza kuifunga njia ya hewa ya mwenye pumu, kwa hiyo hiyo ikaondoka mezani. Ya pili ni primidoni, ambayo asili yake ni dawa ya kifafa, na moja ya shida zake ni kuleta usingizi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akauliza kama daktari yuko tayari kunyolewa na kinyozi anayesinzia. Tukatoka na ushauri mmoja tu uliobaki, kupunguza kahawa. Ameshuka kutoka vikombe sita kwa siku hadi viwili, vya nusu. Mkono umetulia kidogo. Haukupona.

Mpaka hapa mtu angeweza kufunga jalada: mzee amezeeka, mkono umechoka, aache wembe. Nami nilikuwa karibu kulifunga. Kilichonizuia ni mjukuu wake.

Ana miaka 22, ni kinyozi naye, anafanya kazi kwenye mojawapo ya maduka yale ya mashine. Nimeona kazi yake, ana mkono mzuri na jicho la mchoraji. Nikamuuliza kwa nini hamshiki babu yake mkono kwenye ndevu. Akajibu bila aibu: "Mashine ikikosea, nywele zitaota. Wembe ukikosea je?" Hajapata kuutia wembe kwenye shingo ya mtu. Mjukuu wa kinyozi, amekulia dukani, na hajui kunyoa kwa wembe. Inakuwaje?

Nilimuuliza Mzee yeye alijifunzaje, na ndipo ubao uliponijia. Alisema: mwaka wa kwanza ufagio. Kisha kukunja taulo na kupiga povu. Kisha vichwa vya watoto wachanga, siku ya saba ya akika au siku ya arobaini, na hapo fundi wake alikuwa amemshika kiganja. Kisha watoto wa chuo, Alhamisi mchana chuo kikifungwa, kumi na tano kwa mpigo, vipara vitupu, mmoja baada ya mwingine juu ya ubao. "Kichwa cha mtoto ni mfupa mtupu," akasema, "huwezi kukosa pa kuweka kidole." Waarabu wana msemo wao juu ya mtu anayejifunza unyozi kwenye vichwa vya mayatima, Mzee anaujua, na anasema kwamba Kibokoni hawakuwa mayatima, walikuwa na mama zao mlangoni wamekunja mikono wakihesabu mikwaruzo. Baada ya vichwa mia kadhaa ndipo mwanafunzi huruhusiwa shavu la mtu mzima. Shingo ndiyo ya mwisho.

Ile ngazi imekatika vipandio vya chini, na Mzee anajua hasa kipandio cha mwisho kilikatika lini. Mei 2020, wakati wa korona, serikali iliufunga Mji wa Kale, watu wasiingie wala wasitoke, mpaka Juni. Mzee anaishi Kisauni. Mwezi mzima hakuweza kufika dukani, na Idi ya mwaka ule ikaingia katikati. Usiku wa kuamkia Idi ndio usiku wake mkubwa kuliko wote. Hukesha, foleni inafika kwenye baraza la jirani. (Idi ya Mfungo Tatu haina kishindo kama hicho, kwa kuwa wenye nia ya kuchinja huacha nywele na kucha zao tangu mwezi uandame.) Idi ile mama zao walinunua mashine ndogo za kuchaji, wakawanyoa watoto sebuleni. Duka lilipofunguliwa wazee walirudi wote. Watoto hawakurudi. Miezi michache baadaye ubao ukawa rafu.

Wembe wenyewe, kwa haki, ulishapata misukosuko kabla ya hapo. Mzee alianza na wembe wa kukunja, wa kunolewa kwenye ngozi, mmoja kwa kila mtu. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya aliripotiwa 1984, na miaka michache baadaye wateja walianza kuja na nyembe zao mifukoni. Mzee aliweka ule wa kukunja ndani ya droo, akahamia nusu wembe mpya kwa kila mteja. Kama muuguzi nitampigia saluti kwa hilo kila siku, kwa sababu kinachonitisha mimi zaidi ni homa ya ini aina ya B, ambayo kirusi chake kinaweza kuishi juu ya kitu kikavu siku saba au zaidi. Mkato wa wembe mpya ni mkato tu. Wembe uliokwisha kupita kwa mtu mwingine ni habari nyingine kabisa. Ami yangu alikatwa, lakini alikatwa na wembe safi.

Basi swali la kisa likageuka. Halikuwa tena "Mzee aache lini?" Lilikuwa: kijana huyu atajifunzia kichwa cha nani?

Alianza na maputo. Hii si dhihaka, ndivyo wanavyojifunza vinyozi kwingi: puto hupakwa povu, ukalinyoa povu bila kulipasua. Jioni ya kwanza alipasua kumi na moja, na kila likilia wazee wa barazani walisema "Inna lillahi." Jioni ya nne alimaliza matatu mazima. Lakini puto halina ngozi inayolegea. Ukilivuta halikunji, ukiliinamia halimezi mate. Nikajitolea shingo yangu. Mzee akakataa. "Wewe wataka vipele," akasema.

Kisha Jumapili moja nilikuta mlango umefungwa nusu. Mzee amekaa kwenye kiti mwenyewe, amefungwa shuka, uso mweupe kwa povu. Nilikuwa nimeona kwamba kwa wiki kadhaa ndevu zake zimekuwa mabaka mabaka, nikadhani ni uvivu wa uzee. Kinyozi hajinyoi, tunasema, lakini yeye alijinyoa miaka hamsini na kitu, na sasa hawezi. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yake na wembe, mkono wake wa kijana, mzima, usio na ugonjwa wowote, unatetema kuliko wa babu.

"Anza," Mzee akasema, macho yamefumba.

Mashavu yalikwenda. Kidole kidogo juu ya mfupa, wembe chini. Mara mbili tatu Mzee alisema "umeulaza mno," au "usisukume, uache ushuke," na alikuwa anasema kweli ingawa haoni kitu, kwa sababu anaisikia pembe ya wembe kwa ngozi yake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Fundi aliyesimama pembeni huona mkono wa mwanafunzi, lakini aliye chini ya wembe huusikia.

Akafika chini ya taya akasimama.

"Mbona umesita?"

"Hapa hakuna mfupa, Babu. Kidole nikiweke wapi?"

Mzee akatoa mkono wake wa kushoto chini ya shuka. Ulikuwa unatetema. Akaushika mkono wa kushoto wa mjukuu, akauweka shingoni mwake, dole gumba chini ya sikio, akauvuta mpaka ngozi ikakaza. Kisha akamwonyesha kidole kidogo cha mkono wa wembe kikae wapi: juu ya kidole gumba cha mkono wa pili.

"Shingoni nanga ni mkono wako mwenyewe," akasema. "Ndiyo maana mimi siwezi tena. Yangu miwili yaenda maji."

Nilisimama mlangoni nikafahamu zile alama mbili zote. Kijana akateremsha wembe. Akamkata mara moja, padogo, pale pale alipokatwa ami. Mzee akaguna, akaomba shabu, akajisugulia mwenyewe, akainua kidevu tena.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Kijana huja Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, siku nyingine yuko kwenye mashine zake. Mzee hunyoa mashavu, mahali penye mifupa. Kisha husogea, mjukuu akaingia, akanyoa shingo. Uso mmoja, vinyozi wawili. Bei ni ile ile, ndevu shilingi 100.

Ijumaa ya kwanza nilifuatana na ami. Alikaa, akatazama huku na huku kiooni wakibadilishana nafasi, hakuuliza. Shingo ilitoka safi. Alisimama, akatoa noti ya mia, akamwelekea Mzee, Mzee akaangalia pembeni. Akamwelekea kijana, kijana akamtazama babu yake. Ami akasimama hapo na noti mkononi, adhana imekaribia. Mwishowe akaiweka juu ya ubao, kati ya redio na kopo la poda, akatoka.